Mwacheni Ajifiche Kwanza: Kumlea Nyoka-Mahindi Mchanga Mwenye Haya

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi na watoto waongeao Kiswahili, Lexington, Kentucky)

Wazazi wenzangu, wakubwa zangu mliotangulia kuketi, na ninyi watoto mliojipanga hapa mbele kwenye mkeka, hamjambo. Nimeyaona macho yenu tangu nilipoingia mlangoni. Mnatafuta boksi. Basi niwajibu mapema mtulie: Chungwa, nyoka wetu, sikuja naye. Yuko nyumbani, amelala chini ya gome lake la mti, na sababu ya kumwacha huko ndiyo iliyonileta kuzungumza nanyi. Ila sikuja mikono mitupu. Ndani ya bahasha hii kuna kitu chake, tutakifungua nikimaliza.

Nilizaliwa Uvira, Kongo, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, nikakulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi huko Tanzania, upande wa Kasulu. Kwa hiyo msidhani aliyesimama hapa ni mtu aliyezaliwa na mapenzi ya nyoka. Ziwa letu lile lina swila wa maji. Anakula samaki, anazamia kama samaki, na ana sumu. Mvuvi akivuta wavu alfajiri, anatazama kwanza kabla ya kutia mkono. Kambini, mama yangu alikuwa hauokoti ukuni kabla ya kuupiga kwa fimbo mara mbili, na sisi watoto tuligombezwa tukienda chooni usiku bila tochi. Woga ule haukuwa ushamba. Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na makadirio yake ni kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Wengi ni watu wa vijijini kama walikotoka wazazi wetu. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sikuumwa, lakini nililelewa na watu walioumwa, na ung'ongo ulikuwa ukinishtua hata mimi.

Sasa fikirini binti yangu, miaka kumi na mmoja, anarudi shuleni hapa Lexington ananiambia, "Mama, nataka kufuga nyoka."

Sikumjibu. Siku mbili sikumjibu. Siku ya tatu akaniletea daftari. Alikuwa ameandika kurasa mbili: bei ya boksi, bei ya mkeka wa joto, bei ya vitoto vya panya waliogandishwa, na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, "anaishi miaka 15 hadi 20, wengine zaidi." Nikahesabu kimoyomoyo. Atamaliza shule, ataanza kazi, pengine ataolewa, na nyoka yupo. Nilimuuliza kama ameelewa hesabu hiyo. Akasema ndiyo maana ameiandika kwa nyekundu. Hapo nikaona mtoto huyu si wa kumkatalia kwa neno moja, nikaketi naye tukasoma.

Kwa hiyo niwaambie huyu nyoka ni nani, maana woga mwingi huisha mtu akishaambiwa jina na kwao.

Nyoka-mahindi ni mwenyeji wa Marekani hii, upande wa kusini mashariki: kuanzia kusini mwa New Jersey kushuka mpaka Florida, na kuelekea magharibi hadi Louisiana. Kentucky yetu anapatikana kwa uchache, sehemu za kuelekea pango kubwa la Mammoth. Linnaeus, yule Msweden aliyewapa viumbe majina ya Kilatini, alimwandika mwaka 1766 na kumwita guttatus, yaani mwenye madoa. Mgongo una mabaka mekundu au ya kahawia yenye ukingo mweusi, na tumbo lina miraba myeupe na myeusi kama punje za gunzi la mahindi ya rangi. Wengine husema jina lilitokana na tumbo hilo, wengine husema ni kwa sababu wakulima walimkuta kwenye maghala ya mahindi akiwinda panya. Mimi napenda maelezo yote mawili. Hana sumu. Akimkamata panya anamviringa na kumbana mpaka moyo usimame, basi.

Na kwetu pia yuko anayefanana naye kwa tabia. Kuna nyoka wa kahawia anayeingia majumbani usiku kufuata panya, wataalamu humwita Boaedon, naye hana sumu. Wangapi tumewaua wale, nyumba kwa nyumba, huku panya wakibaki wanatafuna mahindi? Lakini watoto, nisikilizeni vizuri hapa. Simaanishi mwokote nyoka yeyote mnayemwona. Hapa Kentucky kuna aina nne za nyoka wenye sumu, na mmoja wao, yule wa rangi ya shaba, watu wazima kila siku humchanganya na nyoka-mahindi. Nyoka wa uani haguswi. Unarudi nyuma, unamwita mkubwa.

Nirudi kwa nyoka wetu mchanga. Mama yake hutaga mayai kumi hadi thelathini hivi ndani ya gogo linalooza au chini ya rundo la majani, kisha anaenda zake, harudi tena. Baada ya kama miezi miwili, mwishoni mwa kiangazi, mtoto anapasua ganda. Ana urefu wa sentimita 20 hadi 30, unene kama penseli, uzito wa gramu chache tu. Hana wa kumwonyesha maji wala wa kumfukuzia adui. Na maadui ni wengi: mwewe, kunguru, rakuni, paka wa mtu, hata nyoka wenzake wakubwa. Katika wale ndugu zake wote, anayebaki hai ni yule aliyejua kujificha.

Sisi tulimwita mwenye haya. Neno hilo ni zuri, lakini tulikosea tulipodhani haya yake ni ugonjwa wa kutibiwa. Haya yake ndiyo iliyomfikisha kwetu akiwa mzima. Mababu zake walikuwa na haya, wasio na haya waliliwa.

Chungwa tulimnunua kwa muuzaji mmoja, akiwa na miezi miwili. Yeye ni wa ile aina isiyo na rangi nyeusi, mwili wake wa machungwa na mweupe, macho mekundu, ndiyo maana binti akampa jina hilo. Rangi hiyo inarithiwa. Daktari wa ngozi aitwaye H. Bernard Bechtel na mkewe Elizabeth walilionyesha hilo kwa kuwazalisha nyoka hawa, wakalichapisha mwaka 1962, na tangu hapo watu wamepata nyoka-mahindi wa rangi ambazo porini huzioni. Wengi wanaouzwa leo wamezaliwa mikononi mwa wafugaji. Hilo ni jema, maana hakuna haja ya kumwiba porini. Tena majimbo hayafanani: Hawaii hairuhusu nyoka yeyote afugwe, na kwingineko kuna masharti yao. Uliza kabla ya kutoa pesa.

Yule muuzaji alituambia nyoka huyu ni mpole, mshikeni kila siku azoee. Akatuuzia sanduku kubwa la kioo, na jiwe moja la mapambo. Nasi, kwa furaha yetu, tukaliweka sebuleni, kando ya televisheni, ili kila mgeni amwone.

Naomba mmwone Chungwa kwa macho yangu ya siku zile. Alikuwa akizunguka kioo, anasukuma pua kwenye pembe, kona hadi kona, usiku mzima. Ukisogea, anakunja shingo kama herufi S na kutetemesha ncha ya mkia. Porini mkia huo ukipiga majani makavu unatoa sauti kama ya nyoka-njuga, yule mwenye sumu anayelia kwa mkia, na adui anasita. Kwetu ulikuwa ukipiga kioo. Ukimshika, anakutolea maji yanayonuka kutoka nyuma. Alituuma mara mbili. Kuuma kwenyewe ni kama kuparwa na brashi ya nguo, damu haikutoka. Lakini binti yangu alilia, na hakulia kwa maumivu. Alisema, "Mama, ananichukia."

Nikamwambia hakuchukii, anakuogopa. Nikiisema hivyo ndipo nikajisikia mwenyewe. Mimi niliyekuwa nikimpita yule nyoka kwa kuambaa ukuta, nikiwa na mwili wa kilo sabini, na yeye gramu saba.

Tulianza upya. Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kumhamisha. Tuliacha sanduku la kioo, tukachukua boksi la plastiki dogo lenye kifuniko cha kufungwa kwa vibano, tukalitoboa matundu ya hewa ubavuni. Tukalipeleka chumba cha binti, kwenye rafu, mbali na mlango unaobamizwa na mbali na spika. Nyoka hana tundu la sikio, lakini mtikisiko anausikia kwa taya na kwa mwili wote. Televisheni ya sebuleni kwake ilikuwa kama kulala juu ya ngoma.

Kisha maficho. Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu wazazi wengi niliozungumza nao wameweka pango moja na kudhani wamemaliza. Nyoka hana joto lake mwenyewe. Akitaka kupata joto anakwenda penye joto, akitaka kupoa anakwenda penye baridi. Sasa ukiweka ficho moja tu, tuseme upande wa baridi, unamlazimisha achague kati ya tumbo na usalama. Mwoga atachagua usalama kila siku. Atakaa kwenye baridi, chakula hakitasagika tumboni, naye atadhoofu huku amejificha vizuri. Kwa hiyo maficho ni mawili kwa uchache, moja kila upande, na yawe yanafanana ili asiwe na sababu ya kupenda moja.

Na yawe ya kubana. Hili lilinishangaza. Binadamu anapenda chumba chenye nafasi, nyoka anataka mwili wake uguse kuta pande zote na dari juu ya mgongo. Tulipompa pango zuri la dukani, pana, hakuingia. Tulipoweka nusu ya kopo dogo lililokatwa mlango na kulainishwa kingo, akaingia siku hiyo hiyo. Yale mabomba ya karatasi yanayobaki karatasi ya chooni ikiisha, msiyatupe. Hiyo ni nyumba. Tuliongeza majani ya plastiki, gome la mti, vijiti, mpaka boksi likajaa vitu hata ukifunua humwoni nyoka. Binti akauliza, "Sasa tutamwonaje?" Swali zuri. Ajabu ni kwamba tulianza kumwona zaidi. Penye vitu vingi nyoka anathubutu kutembea, kwa sababu kila hatua ana pa kukimbilia. Jioni moja nikapita na nguo za kufua mikononi, nikaona kichwa kidogo cha machungwa kimetokeza kwenye bomba la karatasi, ulimi unaingia na kutoka. Alikuwa akininusa, maana nyoka hunusa kwa ulimi. Nilisimama na zile nguo mpaka mikono ikauma.

Chini tulitandika maranda ya mti wa aspen, unene wa vidole vitatu, maana anapenda kuchimba. Maranda ya mwerezi na ya msonobari, yale yenye harufu kali, usiweke. Mafuta yake yanamdhuru. Bakuli la maji liwe zito asilipindue, na maji yabadilishwe kila akichafua.

Joto. Mkeka wa joto wa umeme unakaa chini ya upande mmoja wa boksi, usizidi theluthi moja hivi, na unaunganishwa na kidhibiti-joto. Nasema tena kwa baba na mama walio nyuma: mkeka bila kidhibiti-joto usiuwashe hata kwa saa moja. Wetu wa mwanzo hatukuambiwa habari hiyo. Nilipoweka kiganja juu yake nilikitoa kwa haraka, na Chungwa alikuwa na ngozi nyembamba kuliko ya kiganja changu. Upande wa joto uwe nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi, yaani kama 82 hadi 86 kwa vipimo vya huku. Upande wa baridi 22 hadi 24. Kipimajoto kikae pale mwili wake unapogusa, kisibandikwe juu ukutani. Yale mawe ya umeme yanayouzwa eti nyoka alalie, mimi sitayaingiza nyumbani kwangu.

Tukishamaliza hayo, tukafanya kazi ngumu kuliko zote. Tukamwacha. Wiki nzima hatukumgusa. Maji tu.

Sasa chakula, na hapa ndipo moyo wangu ulipopata tabu. Anakula vitoto vya panya vya siku moja mbili, vile vyekundu visivyo na manyoya, vilivyonunuliwa vimeganda. Ninajua baadhi yenu mnakunja uso. Nami nilikunja. Tuliweka kopo lenye kifuniko kwenye friza, tukaliandika kwa herufi kubwa, tukalitenga na chakula chetu. Usiku wa kulisha unakitoa kimoja, unakiyeyusha kwenye mfuko ndani ya maji ya vuguvugu, kamwe si kwenye mashine ya kupashia chakula. Kiwe na joto kinapofika kwake. Unakishika kwa koleo ndogo, unakisogeza polepole. Unene wake uzidi kidogo tu sehemu nene ya nyoka, usifike mara moja na nusu yake. Kimoja kila baada ya siku tano hadi saba. Panya hai usimpe, kwa sababu panya mkubwa naye ana meno, na nyoka boksini hana pa kukimbilia.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye daftari la binti. Chungwa hakulisoma daftari. Mara ya kwanza alikimbia koleo. Mara ya pili tuliweka chakula mlangoni kwa ficho lake tukatoka, asubuhi kikawa palepale kimekauka. Mara ya tatu akakipiga kwa kichwa, kama mtu anayefukuza nzi, akaingia chini ya gome. Wiki tatu. Kila Jumamosi tulimweka juu ya mizani ya jikoni, ndani ya kikombe, tukaandika gramu. Mizani hiyo ndiyo iliyotuzuia tusichanganyikiwe. Nyoka mchanga mwenye afya anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula. Kinachotisha ni uzito unaoshuka mfululizo, ngozi iliyonyauka yenye mikunjo, mdomo ulio wazi, pumzi yenye sauti. Ukiona hayo, ni daktari wa wanyama anayejua reptilia, usisubiri wiki nyingine.

Porini watoto hawa mara nyingi huanza na mijusi wadogo na vyura wa mitini, kabla mdomo wao haujatosha panya. Ndiyo maana wafugaji wengine hukisugua kitoto cha panya kwenye ngozi ya mjusi kipate harufu. Sisi hatukufika huko. Tuliambiwa jambo dogo zaidi: mweke kwenye kikopo kidogo, chenye matundu, kitambaa cha karatasi ndani, chakula humo humo, kifuniko, kisha kikopo chote kirudi ndani ya boksi lake, mahali pa joto la kawaida, gizani, usiku kucha. Asiwe na pa kwenda na asiwe na wa kumtazama. Tukafanya. Binti akataka kuchungulia saa nne usiku, nikamkatalia. Saa sita akaniuliza tena kupitia mlango.

Alfajiri nilisikia kelele ambayo nilidhani ni ya msiba. Nikakimbia bila viatu. Binti ameshika kikopo juu ya taa, chakula hakimo, na ndani yake nyoka mwenye uvimbe mmoja katikati ya mwili kama mkufu wenye ushanga mmoja. Tulishangilia wote wawili saa kumi na moja alfajiri, na jirani wa chini akagonga dari.

Halafu tukakosea tena. Siku ya pili yake, kwa furaha, binti alimtoa ili ampongeze. Akacheua kila kitu. Mtu akisikia nyoka ametapika anadhani ni jambo la kufuta tu kwa kitambaa, lakini kwa nyoka mchanga ni hatari, kwa sababu ile asidi ya tumbo inaunguza koo na nguvu zote zimepotea. Unasubiri siku kumi hadi kumi na nne bila kumlisha, kisha unaanza na kitu kidogo kuliko kile cha mwanzo. Tulisubiri kumi na nne. Tangu siku ile, akila, kuna kikaratasi juu ya kifuniko chenye tarehe, na kwa saa 48 hakuna mkono unaoingia, wa mtoto wala wa mgeni kutoka Louisville aliyesafiri kuja kumwona.

Kumshika tulianza alipokula mara tatu mfululizo bila kurudisha. Ninawaonyesha kwa mkono wangu, tazameni. Usiushushe kutoka juu hivi. Kwake kinachoshuka kutoka juu ni mwewe. Uingie ubavuni, chini, polepole, uinyanyue sehemu ya katikati ya mwili, usimkamate shingo wala mkia. Kisha mikono yako iwe njia. Anatambaa, unaweka mkono wa pili mbele, anatambaa tena. Dakika tano mara mbili kwa wiki zilitutosha. Akitulia unamrudisha akiwa ametulia. Na akikunja shingo kabla hujamgusa, funika, mwache, jaribu kesho. Binti yangu alijifunza kusubiri kwa nyoka huyu zaidi kuliko alivyojifunza kwangu, na ninasema hilo kwa shukrani.

Nyoka-mahindi ni mtoro hodari. Penye upenyo wa kidole cha mtoto anapita. Wetu alitoka usiku mmoja ambao kibano kimoja hakikufungwa. Tulinyunyiza unga sakafuni mbele ya milango yote, asubuhi tukaona mstari wa mawimbi unaoelekea nyuma ya mashine ya kufulia, penye joto. Alikuwa pale, amejikunja. Vibano vyote sasa vinakaguliwa kila usiku kabla ya taa kuzimwa.

Mikono inaoshwa kwa sabuni na maji, kila mara, hata ukigusa boksi tu. Reptilia hubeba vijidudu vya salmonela bila kuumwa wenyewe. Vyombo vyake havioshwi kwenye sinki la jikoni. Watoto walio chini ya miaka mitano hawashauriwi kumshika, wala wazee, wala mwenye mwili dhaifu kwa ugonjwa. Mdogo wa mwisho nyumbani kwetu ana miaka mitatu, humtazama akiwa mgongoni kwangu.

Naona mkono umeinuliwa pale mbele. Najua swali. Kwa nini hukuja naye?

Jumanne binti aliniita. Macho ya Chungwa yalikuwa yamegeuka rangi, kama yamemwagiwa maziwa na samawati kidogo, na ngozi yake imefifia. Nyoka hana kope, jicho lake limefunikwa na gamba jembamba lililo wazi kama kioo, na anapokaribia kujivua maji huingia kati ya ngozi ya zamani na mpya. Siku hizo haoni vizuri. Yule aliyeanza kututolea kichwa kwenye bomba amerudi chini ya gome, chakula hataki, akiguswa anaruka. Nyoka mchanga anapitia hali hii kila wiki kadhaa, kwa sababu anakua haraka. Tumemwekea kisanduku kidogo chenye tishu za jikoni zilizoloweshwa, unyevunyevu ule unalegeza ngozi itoke nzima. Macho yatang'aa tena, na siku chache baadaye atasugua pua kwenye gome na kutoka. Leo asubuhi nilisimama mbele ya boksi nimeshika mfuko wa kumbebea, maana niliwaahidi ninyi watoto. Binti akanitazama tu. Nikaurudisha mfuko kabatini.

Basi, bahasha. Hili ni gamba lake la mwisho, limetoka lote kipande kimoja. Msilivute, ni laini kuliko karatasi ya kufungia maandazi. Limegeuka ndani nje kama soksi, ndiyo maana mnaona upande wa ndani. Tumbo ni huku, penye magamba mapana. Na hapa mbele, liinueni kuelekea dirishani muone vizuri, zile duara mbili ndogo zinazong'aa ni magamba ya macho. Tunaangalia hapo kila mara, kwa sababu yakibaki kwenye nyoka yanamuumiza. Anza wewe mwenye koti la kijani, halafu umpe dada yako. Sabuni iko kwenye sinki la pale mlangoni, na mtu mzima amesimama hapo.